Mawese ndani ya mota

Mwaka ule wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, lori letu lilikuwa limechoka, hasa demarere, ile mota ndogo inayoamsha injini. Zamani ilinguruma mara moja. Sasa ilikohoa, ikanung'unika, ikalala. Mume wangu, ndiye dereva, alizoea kuegesha kwenye miteremko ya Uvira ili asubuhi lori lijisukume lenyewe. Nilimwambia kila siku kwamba huo ni uvivu.

Mimi nilikuwa na tiba yangu. Kila Jumamosi, akienda kuoga ziwani, nilifungua boneti nikaimiminia mota kijiko cha mawese ya moto kupitia vidirisha vyake vya ubavuni. Kwetu mawese ni dawa ya kikohozi, ya ngozi kavu, ya bawaba zinazolia. Sikuona kwa nini mota ijifanye mzungu. Ilipozidi kudhoofika, niliongeza dozi.

Risasi zilitukuta Luberizi tumepakia mchele, bondeni kusiko na mteremko hata wa kuviringisha chungwa. Watu walijazana juu ya magunia. Mume wangu akabonyeza. Mota ikaguna, ikanyamaza. Aliwaomba washuke wasukume. Hakushuka mtu, maana kila mmoja alijua akishuka nafasi yake imekwenda. Nilikuwa na mimba ya miezi saba na hofu tele kwamba nitajifungulia njiani. Nilishuka, nikaanza kusukuma peke yangu huku nikiwatukana kwa Kifuliiru. Ndipo walipoona haya, wakateremka wote. Lori likaamka, nasi tukalikimbilia.

Tulipovuka mpaka na kuingia Burundi, fundi aliifungua mota. Alituonyesha vipande vya makaa vinavyogusa shaba na kupitisha umeme: vilikuwa vimelika kwa kusuguana, na springi zinazovisukuma zimelegea. Huo ni uzee tu, alisema. Lakini shaba yenyewe ilikuwa imefunikwa na uji mweusi wa vumbi la makaa na mafuta, umeme haupiti. Akanusa kidole.

"Nani alitia mawese humu?"

Nilitazama miguu yangu.

"Njo minye," mume wangu akasema, yaani ni yeye.

"Weye iko dereva ama mupishi?" fundi akamwuliza.

Watu walicheka sana. Mume wangu alipokea karipio lote kwa kutikisa kichwa, na mimi, hodari wa maneno, sikutoa hata moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulipobaki wawili nilimwuliza alijua tangu lini.

"Tangu Jumamosi ya kwanza. Nilirudia sabuni, nikakukuta. Minye pia nilizani itapona."

"Sasa mbona ulijificha?"

Alifuta mikono.

"Ulikuwa unaibembeleza, mama. 'Pole, kunywa kidogo, utapona.' Minye haukunibembelezaka vile hata siku moja. Nikabaki nasikiliza."

Ilikuwa kweli.