Niliacha mahali nilipoonyeshwa Gachoka nikafuata shule ya mtoto Embu town

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mlimani na sisi wa huku chini kwenye jua. Haya si ya kuambiwa, ni yangu. Mke wangu, Mama Wanja, ameyasoma kabla sijatuma, kwa hivyo uongo haungepita.

Mimi ni fundi wa pikipiki, mzaliwa wa ndani ndani ya Gachoka. Nilikuwa na kibanda changu sokoni, watu wa boda walinijua kuliko chief.

Kwetu kijana akioa, mzee anamwonyesha. Yaani anakupeleka shambani, anasimama mahali na kukuambia jenga hapa. Hakuna title wala karatasi, ni neno la mzee tu.

Lakini ukionyeshwa na ukose kujenga, mahali hapo hapatakungoja milele. Mimi nilionyeshwa kando ya muarubaini mkubwa, pazuri kabisa.

Shida ilikuwa Wanja, firstborn wangu. Huyo msichana husoma hata gazeti lililofungiwa nyama.

Shule ya karibu nasi ilikuwa na walimu wachache. Mmoja anaandika kitu ubaoni darasa hili, anakimbia lile lingine. Wanja akirudi nyumbani anachezea vumbi, hana homework, roho inaniuma.

Sasa hapo Embu town kulikuwa na shule moja ya public inasifiwa na kila mtu. Lakini mtoto wa mbali hawamchukui, lazima mkae karibu. Tukaamua kuhama. Nikauza kibanda, tukapanga chumba nyuma ya soko. Kengele ya shule ikilia tunaisikia tukinywa chai.

Nilipomwambia mzee, baba yangu, hakupiga kelele. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema kwa lugha yetu ya Kimbeere, polepole:

"Shuleni mtu huenda na kurudi. Wewe utarudi wapi?"

Nilicheka, wakuu. Nikamwambia nitajenga tu, wakati bado uko.

(Najua kuna mtu hapa anakimbilia kuniandikia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeshavunjika ndugu, endelea na mengine.)

Ile shule siwezi kuitukana. Ilifanya kazi yake. Wanja alianza kuongoza darasa, akawa anawasomea hadi watoto wa majirani kwenye plot.

Mimi niliajiriwa kwa garage ya mtu, naitwa "wewe" na vijana niliowazidi ufundi. Nilivumilia. Jioni nikisikia huyo mtoto akisoma kwa sauti, nilikuwa naona tulifanya vizuri.

Pesa ya kujenga ikawa ya rent. Kila Christmas mzee ananiuliza, hata mawe hujaleta? Namwambia mwaka ujao.

Halafu Christmas moja hakuniuliza. Aliita wazee wawili wa ukoo, akamwonyesha ndugu yangu mdogo Njeru mahali pangu. Mimi nimesimama hapo hapo, nimeshika kikombe cha uji. Hakuna aliyenitazama.

Mwaka uliofuata tukamzika mzee. Sikupata hata nafasi ya kumwomba msamaha, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi kuliko shamba.

Njeru simlaumu. Alijenga nyumba nzuri ya mawe, na muarubaini akauacha.

Sasa skizeni. Wanja amemaliza Grade 9, na results ni za kujivunia. Tulichagua senior schools, zote boarding, zingine hadi huko Meru. Placement ya serikali ikatoka: day school. Gachoka. Ukisimama kwa mzee unaona mabati ya hiyo shule.

Nilijaribu kubadilisha, kote nikaambiwa kumejaa. Nikaenda office ya elimu. Mama mmoja mpole akaangalia kitambulisho changu kilichoandikwa Gachoka, akatabasamu.

"Mzazi, shukuru Mungu. Watoto wa wenzako wametupwa mbali. Wako amepelekwa nyumbani."

Nilisema asante nikatoka.

Kwenda na kurudi kila siku kutoka Embu hatungeweza, na garage siwezi kuacha, ndiyo inalisha wadogo zake. Ikabidi nimpigie Njeru kumwomba kitanda. Alikubali bila maneno. Mke wake alikuwa ametandika hata shuka mpya, Mungu ambariki.

Nilimpeleka Wanja na sanduku lake. Tulikula, tukaomba, nikasimama niende. Njeru akanisindikiza hadi kwa gate akiwa ameshika mbwa zake.

"Siku nyingine ukija piga simu kwanza," akaniambia. "Hawa hawakujui."

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli, walikuwa hawanijui. Nilitembea hadi stage nikilia kama mtoto.

Ninachowaambia wenye watoto wadogo ni hiki. Fuateni shule nzuri, sikatai, lakini mkionyeshwa mahali jengeni hata jikoni ya mabati kwanza. Shule ina mwisho, na siku hizi mahali mtoto ataenda baadaye si wewe unaamua.

Jana Wanja alinipigia na simu ya mke wa Njeru. Wenzake waliotoka mbali, wanaokaa kwa watu kama yeye, wanapanga likizo, kila mtu anasema anaenda nyumbani. Akaniuliza, "Baba, mimi nikisema naenda nyumbani, niseme ni wapi?"

Nilimwambia network ni mbaya, nikakata.

Atauliza tena. Wakuu, nyinyi mngemjibu nini?