Kiwanda cha Mapera cha Iyula Kilikufaje

Kilichonitoa nyumbani Itaka ni mume wangu, Baba Neema. Alisikia kwamba zamani kule Iyula kampuni moja ilitia mapera kwenye makopo ikayauza mpaka Zambia. Basi akataka tung'oe mibuni ya marehemu baba yake, tupande mapera, tuwe kampuni ya pili. Nikamwambia, "Ngoja nikaulize ya kwanza ilikufaje." Akakubali shingo upande.

Asubuhi basi liliharibika hata kabla ya kuondoka, nikadandia lori la mahindi. Iyula nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi Tabu, aliyemenya mapera kiwandani tangu kifunguliwe, akagoma kusema neno kabla sijala. Kuku akakimbizwa, ugali ukasongwa, mimi nakodoa macho tu. Tuliponawa ndipo akasema, "Yalikuwa yanagombaniwa, mwanangu. Lori halikurudi na kopo hata moja."

"Sasa mbona mlifunga?"

"Hilo kamuulize Mzee Athumani, Tunduma. Ndiye aliyekuwa akiyauza."

Yaani safari yote ile, halafu kamuulize mwingine. Hapo hapo Baba Neema akapiga simu, maana subira hana. Nikamweleza nilichosikia, nikaongeza kwamba bado sijamaliza. Sijui kama alinisikiliza.

Tunduma malori yalikuwa yamefunga barabara, nikashuka nikatembea. Mzee Athumani nilimkuta dukani kwake akipima karanga kwa kopo kuukuu. Nilipomuuliza, akaliinua.

"Walikuwa wananunua hili," akasema. "Mapera waliwamiminia watoto. Nani alipie mapera, na yanaozea nyuma ya nyumba yake? Kila nyumba ilipopata kopo la kupimia na la kibatari, biashara ikaisha."

Nilirudi Itaka roho juu. Nilimkuta Baba Neema shambani na vibarua, jasho linamtoka, mibuni imelala mizizi juu mstari baada ya mstari.

"Si ulisema yaligombaniwa?" akasema, meno yote nje.

"Yaligombaniwa makopo, Baba Neema. Mapera hakuna aliyeyataka."

Nilijifunza kwamba mtu mwenye haraka habari nusu humtosha. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, nimeyapanga njia nzima. Lakini aliketi chini kati ya mibuni ya baba yake, akaniuliza taratibu, "Mama Neema, mbuni ukirudishiwa udongo mapema, hushika?"

Nikachukua jembe la pili.