Kilima Kilichoonekana Shimo

Mdoe Mbaruku aliujua uso wa mwezi kuliko alivyoyajua mashamba ya mama mkwe wake. Usicheke, maana ndicho kilichomponza.

Alizaliwa Kwamsisi kwa wakulima wa mahindi na mihogo, akasoma Korogwe, na Uhuru ulipokuja ukitafuta vijana wenye vichwa, naye akapandishwa ndege kwenda Ulaya kusomea mawe. Huko akaangukia mikononi mwa profesa ambaye mawe ya duniani hakuwa na habari nayo. Kazi yake yote ilikuwa picha za mwezi. Mdoe akanasa. Akajifunza kwamba mwezi ni jabali tupu, hauna mvua wala upepo wa kufuta kitu, kwa hiyo kila kimondo kilichowahi kuugonga kimeacha shimo lake pale pale. Uwanda wenye mashimo mengi ni mzee, wenye machache bado kijana. Akaandika tasnifu nzima juu ya mashimo mapana yasiyo na kina, jinsi ya kuyatambua kwa vivuli vyake tu. Wamarekani walipofika kule walitua mahali pachache, wakaokota mawe, wakarudi kwao. Kwingine kote kuliachiwa watu kama Mdoe, watu wa kukaa mezani na kutazama.

Aliporudi alikuta nchi ina shida zake, na mwezi haukuwamo. Wakubwa wakamleta Handeni kutafuta maji. "Wewe si ndiye mtaalamu wa ardhi?" Akaitikia ndiyo, ingawa ardhi aliyokuwa mtaalamu wake ilikuwa nyingine kabisa. Watu wakamwita Bwana Mwezi. Wazee wakamwuliza kwa dhati kabisa, hao waliotua kule, walifikia kwa nani?

Akaoa. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa binti wa Bibi Hamisa, mjane aliyelima mabondeni kati ya Kabuku na Kwamsisi, karibu na kijito kisichokauka. Na ukweni, jamani, si mahali pa kuingia ukipiga mluzi. Mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, mama hujifunika kanga na kuingia majanini, na mwanamume huinamisha macho mpaka apite. Akitaka kukatiza mashambani kwake hutuma salamu kwanza, hungoja jibu, na haendi mikono mitupu. Mdoe, pamoja na Ulaya yote aliyoiona, aliishika mila hii kuliko vijana ambao hata Segera hawajafika. Aliogopa kuambiwa amegeuka Mzungu.

Ikaja sabini na nne, mwaka wa kuhamia vijijini. Ndugu Kaleb, kamanda wa operesheni kwa upande ule, alikuwa mtu wa mbali, mwenye sauti nene na haraka isiyoisha. Akaingia ofisini kwa Mdoe, hata hakuketi.

"Ndugu Mdoe, nataka mahali pamoja patakapotosha kaya zote zilizotapakaa mabondeni. Na maji yawepo. Nataka jibu wiki hii."

Mdoe akatoa picha zilizopigwa kutoka angani, akazitandaza kando ya ramani. Kwenye moja akaona duara, kubwa, jeusi kwa miti iliyosongamana, katikati pamedidimia kama sahani. Moyo ukamlipuka kwa furaha. Miaka minne alikuwa hajaona kitu alichosomea, na sasa hiki hapa, Uzigua! Bonde la mviringo, akawaza. Maji ya mvua yanakusanyika humo na kuzama, ndiyo maana miti imeshamiri.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo palipoharibika. Jicho la mtu limezoea kivuli kinachomwelekea. Picha ukiishika kivuli kikakimbia upande wa pili, jicho linadanganyika, shimo linakuwa kilima na kilima kinakuwa shimo. Mdoe alilijua hilo. Ni yeye aliyekuwa akiwaonya wenzake Ulaya. Lakini picha ile ilipigwa Desemba, jua likiwa kusini na vivuli vikilalia kaskazini, naye akaiweka kaskazini juu ilingane na ramani ya kamanda, vivuli vikamkimbia. Picha pacha yake, ambayo zikitazamwa pamoja ingemwonyesha kimo, haikuletwa.

Dawa ilikuwa kwenda kuona kwa miguu. Tatizo, njia ya kwenda kwenye duara lile ilipita katikati ya mashamba ya Bibi Hamisa. Ingebidi atume salamu, atafute kanga na sukari, na sukari yenyewe siku zile ilikuwa ya kuviziwa, kisha angoje jibu. Kaleb hangoji. "Nimepima mashimo ya mwezini bila kuyakanyaga," Mdoe akajiambia, "sembuse hili?" Akatia alama.

Habari zikamfikia Bibi Hamisa. Akamtuma binti yake. Mwanaidi akamkuta mumewe anakula, akangoja amalize.

"Baba Zuena, mama anakusalimu. Anasema pale ulipopachagua ni hame. Watu waliishi wakapahama kwa kiu."

"Hame, hame," Mdoe akacheka. "Mwambie mama nimemsikia, lakini picha haiogopi mizimu."

"Hajasema mizimu. Amesema kiu."

Mdoe akanawa mikono, mazungumzo yakaisha.

Watu wakahamishwa kwa malori, Bibi Hamisa naye akiwamo. Mapaa yaliezuliwa, na nyumba za waliosita zikatiwa moto ili wasiwe na pa kurudia. Ndipo Mdoe akaenda, sasa kuna barabara ya serikali na hahitaji ruhusa ya mkwe. Akashuka garini akaanza kutembea kuelekea kwenye miti. Miguu ikamwambia kabla ya macho: alikuwa anapanda. Akaendelea kupanda. Miti ile ilikuwa minyaa na miiba ya boma la kale, iliyopandwa na watu waliotaka kumwona adui kabla hajafika. Chini kulikuwa na vigae vya vyungu na majivu. Akaitoa ile picha mfukoni, akaigeuza juu chini. Bonde lake likainuka mbele ya macho yake, likawa kilima.

Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa shule anaijua methali hiyo, na yeye mwenye shahada hakuuliza.

Na je, alisema? Hakusema. Aliona aibu, aliogopa, akajipa moyo kwamba wakichimba sana huenda wakabahatisha mpasuko wenye maji. Wakachimba. Walikuta vumbi, kisha changarawe, kisha mwamba. Wanawake wakawa wanarudi kwa siri kijitoni, mpaka Kaleb alipoweka mgambo njiani, akidai wanatoroka operesheni. Watoto wakaanza kuharisha kwa maji ya madimbwi. Mdoe alikonda.

Kukaitishwa mkutano pale kisimani. Kaleb alikuwa bado anahutubia juu ya uvivu wa wananchi, pakawa na minong'ono. Bibi Hamisa alikuwa anakuja. Hakujifunika. Alipita katikati ya watu, ndoo tupu mkononi, mpaka mbele ya mkwewe, akamtazama machoni. Wanawake wakashika vinywa.

"Mkwe wangu," akasema, "heshima imenishinda. Wajukuu wa wenzangu wanaumwa. Hapa pana maji au hapana?"

Mdoe hakujua macho yake ayapeleke wapi. Akasimama.

"Hapana," akasema. "Nilikosea, mama. Niliisoma picha vibaya. Nilidhani ni bonde, kumbe ni kilima. Ndugu Kaleb, warudishe watu kijitoni."

Kaleb akacheka, akamshika bega kama mgonjwa.

"Ndugu mtaalamu wetu amechoka, jua ni kali. Ndugu wananchi, yeye amesoma mpaka mwezini, atakoseaje hapa? Taarifa yake imefika mkoani na imepongezwa. Maji yapo. Hamjachimba ya kutosha."

"Nasema nilikosea!"

"Kaa chini, ndugu."

Siku aliyokosea waliamini kila neno. Leo anasema kweli, na hata waliokuwa na kiu walimtazama kwa mashaka, maana mtu akishakuponza mara moja utamjuaje? Majembe yakagawiwa tena.

Mdoe hakukaa. Alichukua ndoo iliyokuwa miguuni pa Bibi Hamisa, akashika njia ya kijitoni, na wanawake na vyombo vyao wakamfuata. Mgambo wakawazuia. Mkubwa wao, kijana wa Bungu aliyemheshimu, akasema kwa upole, "Shikamoo mzee. Wewe pita, wewe ni mtu wa serikali. Hawa nina amri wasipite."

Akabisha, akasihi, akafoka. Kijana akatikisa kichwa. Basi akapita peke yake, akateka, akarudi na ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni kwenye shati la ofisi. Wanawake walikuwa wamekaa njiani wakimngoja. Akapiga goti, akampa mama mkwe wake ndoo kwa mikono miwili. Bibi Hamisa akaipokea, akarudi nayo kijijini, akawanywesha watoto kwanza, kisha wagonjwa, na maji yakaisha kabla hayajamfikia yeye.