Maziwa ya bure ya Nyakanazi yamenikumbusha Bihogo, ng'ombe aliyemlea mdogo wangu

Wakuu, salama humu ndani? Wanaotaka kuniamkia waniamkie, marahaba. Mimi ni bibi kizee. Anayebonyeza simu ni mjukuu wangu, mimi kazi yangu ni kusema tu. Nimemwambia asiongeze chumvi wala asipunguze, na ameapa.

Haya nayosimulia niliyaona kwa macho yangu, haya ambayo siku hizi hayaoni kitu bila miwani.

Nimesomewa uzi wenu wa maziwa. Mmebishana mpaka mkaanza kutukaniana mama. Huyu anasema maziwa ya pakiti yanaimarisha mifupa na kuongeza akili, yule anasema ni unga na maji, mwingine anadai maziwa mabichi yanatibu kila kitu mpaka presha. Jamani, jamani.

Basi na mimi juzi nilikuwa Nyakanazi nasubiri basi. Vijana wenye fulana za sare wanagawa pakiti za maziwa bure kwa abiria na madereva wa malori. Nikapewa moja. Nikamuuliza kijana, "Mjukuu wangu, ng'ombe wake ni wa nani?"

Akacheka, "Bibi, haya ya kiwandani."

Simlaumu. Lakini mimi nilikulia kwenye swali hilo, ngoja niwaeleze.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi bado mtoto wa kutumwa maji. Baba yangu alizaliwa Biharamulo mjini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa Kiislamu waliotoka pwani. Akahamia Ngara kufungua duka la chumvi, sabuni na kanga. Kihangaza chake, lugha ya kule, kilikuwa cha kuombea maji, ila watu walimpenda kwa sababu hakuchoka kujaribu.

Mama alifariki akimzaa mdogo wangu Salumu.

Hapo sitaki kukaa sana. Niseme tu kwamba Baba alibaki na duka, na mimi, na kichanga kinacholia mchana kutwa, na hakuna ndugu wa kike karibu.

Zahanati walikuwa wameletewa maziwa ya kopo ya kugawa bure kwa watoto waliofiwa na mama. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, alituletea mwenyewe. Salumu akanywa, akatulia. Kisha makopo yakaisha, na mengine hayakuja.

Ndipo akaja jirani yetu, Mama Bukuru. Alikuwa mwanamke wa Kihangaza, mrefu, haongei sana. Kabeba maziwa kwenye chombo cha mti chenye kifuniko cha kusuka. Baba akakimbilia kumpa kanga dukani. Akaikataa. Kwao maziwa ya mtoto hayauzwi.

"Baba Zuhura," akasema (Zuhura ndiye mimi), "haya ni ya Bihogo wangu. Ni mazito, yanajenga mtoto. Nitaleta kila asubuhi. Ila humu ndani samaki wasiliwe, na maziwa yasiwekwe motoni."

Enzi zile wafugaji wengi wa kule waliamini hivyo. Ukila samaki ukanywa maziwa, ng'ombe anadhurika. Ukiyachemsha, chuchu zinapasuka na ng'ombe anakauka. Mama Bukuru hakuwa anatubania. Alikuwa anamwogopea Bihogo, na Bihogo ndiye alikuwa riziki ya nyumba yake.

Wakuu, Baba yangu bila samaki wakavu alikuwa hali akashiba. Aliwafunga wote kwenye gunia, akawapa wapita njia, na hakuguna. Mimi ndiye niliyenuna.

Salumu akaanza kunywa maziwa ya Bihogo. Mwanzoni mashavu yakajaa, tukafurahi. Baadaye akaanza kuharisha. Akakonda mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili. Nikimbeba mgongoni nilikuwa nageuka kutazama kama yupo.

Dresa akaja dukani, akamtazama, akauliza, "Mnachemsha?"

Baba akainamisha kichwa. Na Mama Bukuru alikuwepo.

"Yachemshwe," dresa akasema. "Mtoto huyu hana siku nyingi. Nimefundishwa hivyo na nimeona kwa macho."

"Na mimi nimelea watoto wangu wote kwa mabichi," Mama Bukuru akajibu. "Hapo ulipo, wewe mwenyewe ulilelewa kwa mabichi."

"Kweli. Na wadogo zangu wawili pia, nikawazika."

Hakuna aliyekuwa anamchukia mwenzake pale. Wote wawili walikuwa wanamtaka Salumu.

Usiku huo nilidhani Baba atachemsha kimya kimya, nani angejua? Mimi ningechemsha. Lakini asubuhi Mama Bukuru alipofika, Baba akamwambia ukweli: "Mama Bukuru, nikiyapokea haya nitayachemsha. Siwezi kumdanganya mtu anayemlisha mwanangu. Kama huwezi kuniachia, sitakulaumu."

Mama Bukuru akachukua chombo chake, akageuka, akaondoka nacho. Kimejaa.

Nilimchukia Baba siku hiyo, nasema wazi. Salumu tulimpa maji ya uji, akayatema. Mchana hata kulia aliacha. Baba alikaa na duka limefungwa, kamlaza mtoto mapajani, anasoma dua kwa sauti ndogo.

Jua linaelekea kushuka nikasikia kwato. Nikatoka. Mama Bukuru huyo anakuja, mwanawe mkubwa Bukuru nyuma yake anamvuta Bihogo kwa kamba, na ndama anafuata.

Akamwambia Baba, "Nimeshauriana na mume wangu. Huyu nimempa Salumu. Ng'ombe ni wake tangu sasa. Maziwa ya ng'ombe wake akitaka kuyachemsha, ayachemshe. Akikauka, amemkaukia mwenyewe."

Baba alilia mbele ya watu. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba.

Sisi kukamua hatukujua, kwa hiyo Bukuru ndiye aliyekuja kila siku. Mama yake naye alikuja. Tukiweka sufuria motoni anatoka nje, hataki kuona. Anakwenda kusimama na Bihogo, anampapasa kiwele, anamsemesha taratibu Kihangaza.

Bihogo hakukauka. Na Salumu, polepole, akarudi. Siku aliyonivuta nywele kwa nguvu nilifurahi mpaka nikaita majirani.

Alipoota meno ya kutosha Baba akampeleka Bihogo kumrudisha. Mama Bukuru akashangaa, "Unaniletea ng'ombe wa mtu? Umemuuliza mwenyewe?" Baba akarudi naye nyumbani.

Mpaka anakufa, Mama Bukuru hakuwahi kuchemsha maziwa yake. Dresa alikuwa akimtania, "Umeona hakukauka?" Naye anamjibu, "Hakukauka kwa sababu alijua anamnyonyesha nani." Sasa mnaojua kubishana, bishaneni na hilo.

Nililojifunza mimi ni hili. Maziwa chemsheni, dresa alikuwa sahihi, Salumu ni shahidi. Ila hizo sifa za kwenye pakiti, sijui mifupa, sijui akili, msizishike kama msahafu. Kilichomponya mdogo wangu ni moto, na mtu aliyekubali kumpoteza ng'ombe wake.

Salumu yupo hai, anaishi Lusahunga, mzee kama mimi na mbishi kuliko ninyi. Nilimpelekea ile pakiti. Akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada, ng'ombe wake ni wa nani?" Nikamwambia hata mimi sijui. Akaimimina kwenye sufuria, akaichemsha, akanywa. Akasema ni matamu.

Ana ng'ombe wachache, wote uzao wa Bihogo. Kichanga kikifiwa na mama maeneo yale, watu wanajua pa kwenda. Anayekuja kuchukua anaambiwa maneno mawili tu: chemsha, na usinilipe.

Haya, wakuu, nanyi semeni mlilelewa kwa maziwa ya nani. Mjukuu atanisomea yote, matusi atayaruka.