Barua Zisizo na Kitu Ndani

Kampuni ya vioo ilikuwa na chumba kimoja kisichopata jua, na humo ndimo fundi wa kompyuta alimomalizia ujana wake, yeye na seva. Seva ndiyo ile kompyuta kubwa iliyotunza barua pepe na kazi za ofisi nzima. Ilikuwa imezeeka. Ilikoroma kama mtu mwenye pumu, na feni yake moja fundi aliifunga kwa kamba ya kiatu.

"Fundi, hiyo seva umeioa?" mhasibu alimtania kila alipopita mlangoni. "Ipe talaka, bwana, na sisi tupumue!"

Fundi alicheka naye, meno nje, macho hayamo.

Mkewe alikuwa akifanya kazi humohumo, dawati la wateja, mpaka maradhi yalipomlaza na hatimaye kumchukua. Walimwita Mama Mzigo, maana yeye ndiye aliyewaandikia wateja kwamba mzigo wao wa vioo umefika. Yeye na mumewe walikuwa na mtindo wao. Waliandikiana vichwa vya barua tu. Pale juu, panapotajwa barua inahusu nini, mke aliandika: "Leo umevaa soksi mbili tofauti, baba." Ndani, patupu. Mume akajibu palepale juu: "Moja ya kazini, moja ya kukujia wewe." Ndani, patupu.

"Nani atasema tunachezea saa za kazi?" mke alikuwa akisema. "Barua zenyewe hazina kitu."

Tangu azikwe, kila asubuhi kabla wenzake hawajaingia, fundi alifungua sanduku la barua la mkewe, akasoma vichwa viwili vitatu, akafunga. Ndipo alipoweza kuianza siku.

Siku moja mkurugenzi akamwita.

"Kaa, Fundi. Nafikiria tuhame. Wapo wanaokodisha huduma hii, barua zetu zikakaa kwenye mitambo yao. Lakini wewe ndiye unayejua. Ukisema tubaki, tutabaki."

"Na masanduku ya walioondoka?"

"Hayo hayahami. Tutalipia walio hai tu." Mkurugenzi, mama wa watu, akashtuka, akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. "Samahani. Nilitaka kusema walio kazini."

"Tubaki, mama," fundi akasema. "Bado ina nguvu."

Alijua anadanganya. Seva ilikuwa ya kufa leo au kesho.

Nyumbani binti yake alimtazama akiusukuma wali huku na huku kwenye sahani.

"Umekataa kwa sababu ya mama, eh? Mama mwenyewe angekusuta."

"Angenisuta juu ya barua, ndani asiandike neno."

Wakacheka wote wawili, kisha kila mmoja akainamia sahani yake.

Haikupita wiki, seva ikazimika katikati ya kazi. Fundi aliifungua, akaibembeleza, akaipiga hata kofi. Alipotoka kutafuta bisibisi, akamwona msichana wa dawati la wateja analia. Mteja alikuwa amemtukana kwenye simu kwa kuwa hakuweza kumwambia vioo vyake viko wapi. Alilia amekaa kwenye kiti kilekile cha Mama Mzigo, na mto wa mgongoni ni uleule alioufuma marehemu.

Fundi akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

"Tuhame, mama. Nilikosea. Ila naomba sanduku moja lihame hata kama mwenyewe hayupo."

"La Mama Mzigo?"

"Ndiyo."

"Lichukue, Fundi. Hilo hata usingehitaji kuomba."

Aliifufua seva kwa mara ya mwisho, akaanza kuhamisha. Kazi ikawa ya kinyonga. Mashine ya kukatia vioo, kila ilipozimwa, ilikuwa na kasoro ya kutuma barua tupu kwa kila mtu, na hizo zilikuwa zimejazana kwa miaka mingi. Fundi akaiagiza programu ya kuhamisha: barua yoyote isiyo na kitu ndani, iache. Mzigo ukawa mwepesi, mambo yakaenda shwari. Mhasibu akampigia makofi, naye kidogo akajisikia bingwa. Kisha, kama alivyopatana na mkurugenzi, akafuta diski za zamani pamoja na nakala zake za akiba, akazipeleka zikasagwe.

Kesho yake asubuhi akafungua sanduku la mkewe kwenye mitambo mipya. Akateremka nalo, akapanda nalo. Akatafuta soksi. Hakuna. Akatafuta jina lake mwenyewe. Hakuna. Hapo ndipo agizo lake lilipomrudia kichwani, neno kwa neno. Akakaa sakafuni, pale pale seva ilipokuwa imesimama. Chumba kilikuwa kimya.

Jioni binti alimpokea mlangoni.

"Mama amefika salama huko kwenye mtambo mpya?"

Fundi akaketi bila kuvua viatu. Akamweleza yote. Binti akakaa karibu naye.

"Kwani kilichobaki ni nini?"

"Alizowaandikia wateja."

"Nisomee moja."

Fundi akatoa simu, akasoma:

"Ndugu mteja, mzigo wako umefika. Njoo na mtu wa kukusaidia kuubeba, usiubebe peke yako. Asante kwa kutuvumilia."

"Hiyo si yako, baba."

"Najua," akasema, na akaisoma tena.