Msumeno Usio na Meno

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Kericho hakutaka kunisikiza mpaka mwisho. Nilimwambia natafuta msumeno wa kukata jiwe, wenye diski nyembamba na beseni ya maji chini yake. Akaangalia nyuma yangu kana kwamba kuna mwanamume anayekuja kueleza vizuri. "Mzee yuko wapi, mama?" Nikamwambia mzee yuko nyumbani, na mzee hakati mawe, ninayekata ni mimi. Akacheka, akaniletea grenda ya mafundi wa vyuma. "Hii inakata kila kitu. Maji unamwagia tu na chupa."

Yaani nishike umeme mkono mmoja na maji mkono wa pili. Nilitoka pale nimefura.

Sikuwa nimeamka tu siku moja nikajiona fundi wa mawe. Kwa miaka mingi, nikitoka shuleni ninakofundisha, nimekuwa nikikaa nyuma ya nyumba nikisugua vijiwe vya mtoni kwa msasa mpaka ving'ae. Majirani walishazoea, hata kama walisema madam amekosa kazi. Lakini kusugua si kukata, na sasa nilikuwa na jiwe la kukata. Lilikuwa la mama yangu. Aliliokota mtoni upande wa Sigor akiwa msichana anayechunga ndama, akaenda nalo alipoolewa, na maisha yake yote likawa la kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Lilikuwa na rangi ya udongo, ila upande mmoja lilibanduka kidogo, na hapo palionekana wekundu unaopitisha mwanga. "Huko ndani kuna nini?" mama aliuliza kila alipofagia. Nyundo alikataa iliguse.

Halafu macho yake yakaanza kuzimika. Nikamleta akae kwangu, hapa karibu na Mogogosiek, nikawa nampeleka Longisa kwa daktari wa macho. Daktari alisema wazi kwamba ni presha ya macho, dawa itachelewesha tu, na kinachopotea hakirudi. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Lile jiwe, ulifungue nikiwa bado naona."

Kwa hivyo usiniambie habari ya grenda. Grenda inakata jiwe likiwa kavu, jiwe linachemka, linapasuka ovyo, na vumbi lake linakukaa kifuani maisha. Nilitaka msumeno mdogo wa mezani, ambao diski yake inazunguka majini na kula jiwe polepole. Diski ya namna hiyo haina meno. Ukingo wake ni laini, umeshikilia chembe ndogo ndogo za almasi, na chembe hizo ndizo zinazokata. Nilitafuta kwa simu mpaka nikampata mtu Nairobi anayechonga mawe ya pete. Tukaelewana, akanitumia.

Ulifika jioni, na asubuhi yake ilikuwa kliniki ya mama. Nikauacha mezani, tukaenda. Huku nyuma jirani akaja. Ni mkulima wa chai, mtu mpole, alikuwa anaweka vigae barazani kwake na alisikia tuna mashine. Mume wangu akampa. Jirani hanyimwi kitu.

Sasa, huku kwetu kuna adabu moja. Kila mtu ana kisu cha kupogolea chai, na ukiazima cha mwenzako hukirudishi butu. Unakinoa kwanza, hata kama ulikata tawi moja tu. Usipokinoa ni sawa na kurudisha sufuria ya watu ikiwa chafu. Basi jirani alipomaliza vigae vyake, ambavyo diski ilivikata polepole, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa diski, akaona haikwaruzi hata ngozi, akanihurumia. Akachukua grenda yake na tupa, akachonga meno kuzunguka diski yote, meno mazuri, yaliyopangana.

"Madam, nimekunolea hiyo kitu yako," akaniambia tuliporudi, anatabasamu. "Walikuuzia butu kabisa."

Almasi zangu zilikuwa zimebaki kwenye sakafu yake. Nilishindwa hata kufoka. Utamfokea vipi mtu aliyekufanyia adabu? Mume wangu ndiye aliyesema, "Si alikuwa anasaidia?" na yeye ndiye niliyemfokea. Nilimuuliza nani aliomba msaada, na kwa nini mtu mzima atie tupa kwenye kitu cha wenyewe bila kuuliza, na kwa nini kila mtu hapa anaujua msumeno wangu kunishinda. Chakula cha jioni kilipoa mezani.

Diski nyingine ilichelewa. Yule wa Nairobi hakuwa nayo, akaagiza, tukangoja. Kila asubuhi mama alikaa mlangoni ameelekeza uso kwenye mashamba ya chai, akiuliza kama diski imefika. Kisha akaacha kuuliza. Nilijua maana yake. Alikuwa haoni tena ila mwangaza wa mlango.

Diski ilipofika nilikata hata hivyo. Nilishinda mchana mzima hapo, maji yakigeuka tope, mpaka jiwe likafunguka vipande viwili bila ufa. Nikamwekea mama kimoja mapajani kikiwa bado kimelowa. Akapitisha vidole. "Niambie," akasema.

Rangi za vitabuni zingemfaa nini? Nikamwambia kwa rangi za ng'ombe wake wa zamani. "Pembeni ni yule mwekundu aliyekuwa anapiga mateke. Halafu mstari mweupe, ni tumbo la ndama wake. Halafu kijivu, ni yule ng'ombe mzee aliyekufa wakati wa kiangazi. Na katikati kuna shimo dogo, mama, limejaa vitu vinang'aa kama chumvi."

Akaingiza ukucha kwenye shimo. "Mwite jirani," akasema. "Tangu siku ile hana raha. Aje aone."

Nikaenda kumwita, na hasira nilikuwa nayo, na mpaka leo ninayo. Akaja, akavua kofia, akamsalimu mama. Kisha akalichukua jiwe, akatoka nalo juani, akaliangalia, akaligeuza, akaliangalia tena, kwa macho yake mawili mazima.