Suti ya Mapengo

Katika mtaa wa Huruma, wanaume wengi hungoja wafe ndipo wavae suti. Na suti yenyewe ni moja tu, ya buluu na tai nyekundu, imehifadhiwa ndani ya kompyuta ya Mulongo, mwenye studio ya picha pale karibu na kinyozi. Mtu akifa, jamaa zake huleta picha ya kitambulisho. Mulongo hukata kichwa, akakipachika juu ya kola, akachapa picha kubwa ya kutangulia jeneza. Wabeba magunia wangapi wametoka mochari wakiwa mameneja!

Mulongo alikuja Eldoret kutoka Bungoma akitaka kupiga picha za harusi. Simu zikaingia, kila mtu akawa mpiga picha, naye akabaki na wateja wasioweza kujipiga. Hao hawakumsumbua. Msumbufu ni aliye hai: huyu anataka mama yake apunguzwe kidevu, yule anataka babake atabasamu, na mzee mwenyewe hajatabasamu tangu uhuru. Kubishana Mulongo aliacha zamani. Dawa ya msumbufu, aliamini, ni kumwambia "sawa" mpaka achoke aende.

Jumatatu akaja Hulda, mjane wa Isaiah, fundi wa masanduku ya bati. Nyundo ilimng'oa Isaiah meno mawili ya mbele, na tangu siku hiyo mafundi wenzake wa jua kali wakamwita Mapengo. Jina lake lingine hawakulijua, wala hawakuuliza.

"Usimguse hata kidogo," Hulda alisema akimkabidhi picha. "Wenzake ndio watamsindikiza mpaka kwao Bondo. Nataka wamwone vile walivyomjua."

"Sawa, mama."

Kesho yake akaingia Cyril, kaka ya marehemu, mkubwa wa ofisi fulani. Anaishi mtaa wa Pioneer, boda boda ya dakika chache tu, lakini hakuwa amekanyaga Huruma kwa miaka sita.

"Boss, hii ni nini?" aliuliza, akiionyesha picha ya Isaiah.

"Ni marehemu."

"Naona. Lakini bosi wangu anakuja mazishi. Akute haya mapengo aambiwe ni ndugu yangu?"

"Si ni ndugu yako?"

"Ndiyo shida yenyewe! Mvalishe suti. Na umtie meno."

"Meno?"

"Yote. Halafu umng'arishe kidogo, jua limemchoma sana."

Mulongo alitaka kumwambia kwamba anayehitaji kurekebishwa hayumo kwenye picha. Akasema, "Sawa, mkubwa."

Meno aliyachukua kwa bwana harusi mmoja wa zamani. Alipomaliza, Isaiah alikuwa na sura ya mtu anayetaka kukuuzia ploti. Mulongo akakusudia kumpigia Hulda amweleze. Akaahirisha, kisha akaahirisha tena, mpaka Cyril akaja kuichukua picha.

Ijumaa asubuhi alifika mochari ili amweleze ana kwa ana, akakuta gari la maiti limeshaondoka. Kando ya ua, karibu na kanta, lori dogo walilokodi, walisimama wanaume kumi na mmoja waliooga wakatakata. Mbele yao alikuwa Kituyi, fundi wa majiko.

"Mzee Mulongo, afadhali wewe! Mapengo anatolewa saa ngapi? Tuko hapa tangu saa moja."

"Hamkuona msafara wa Bondo?"

"Tumeona misafara minne. Mmoja ulikuwa wa mheshimiwa fulani, pichani suti, meno meupe pe! Akina mama wamefungiwa ndani ya magari, vioo vyeusi juu. Tukasema hao ni watu wakubwa, tusiwaingilie. Tukavua kofia, tukawapisha."

"Kituyi, huyo ndiye Mapengo."

Kituyi akacheka. Akawatazama wenzake kama kuna mwingine anayecheka, kisha akaacha.

Simu ya Mulongo ikalia. Alikuwa Hulda, njiani kuelekea Kapsabet.

"Mzee Mulongo, hakuna aliyekuja. Miaka kumi na tano wamekula sahani moja, hata mmoja! Cyril ananiambia ndivyo watu wa jua kali walivyo, nisiwaweke moyoni."

"Walikuja, mama. Wako hapa mbele yangu. Yule mtu uliyenikabidhi nilimharibu, wakashindwa kumjua. Simamisheni magari."

Mulongo akamsikia Hulda akimwambia dereva asimame, tena na tena, na juu ya sauti yake Cyril akimhimiza dereva aongeze mwendo, bosi asije akafika kabla yao.